Jimbo la Bevan: jinsi kura 19,313 zilivyoyeyuka Blaenau Gwent

Katika uchaguzi mkuu wa Uingereza wa mwaka 2001, mgombea wa Labour katika jimbo la Blaenau Gwent, kusini mwa Wales, eneo lililowahi kuwakilishwa na Aneurin Bevan, mwanzilishi wa huduma ya afya ya taifa, aliwaacha wenzake kwa kura 19,313. Miaka minne baadaye, Mei 5, 2005, chama hicho hicho, kikiwa madarakani na kikielekea kushinda nchi nzima kwa mara ya tatu mfululizo, kilipoteza jimbo hilo kwa tofauti ya kura 9,121. Aliyekibwaga hakutoka Conservative, wala Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales. Alikuwa Peter Law, mwana-Labour wa miaka mingi, aliyesimama kama mgombea binafsi muda mfupi tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo.

Maelezo yaliyozoeleka ya kisa hiki ni mafupi: makao makuu yaliamuru orodha ya wagombea iwe ya wanawake watupu, wenyeji wakachukia, wakaiadhibu Labour. Si uongo, ila yanaanzia mwishoni mwa hadithi. Katika jimbo ambalo chama kimoja hushinda kila mara, siku ya kupiga kura ni ya kuthibitisha tu. Uchaguzi wenyewe ulishafanyika wakati wa uteuzi. Msomaji wa Tanzania aliyewahi kushuhudia kura za maoni za CCM kwenye jimbo ambalo upinzani hauna hata mawakala wa kutosha hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo swali la Blaenau Gwent ni hili: kwa miaka mia moja, nani alikuwa na mkono wa mwisho katika kumteua mgombea? Jibu lilibadilika, na matokeo yakabadilika nalo.

Wachimbaji ndio waliokuwa chama

Eneo lenyewe ni mabonde membamba yanayoshuka kutoka milimani kuelekea kusini: Sirhowy, Ebbw Fawr na Ebbw Fach. Ndani yake kuna miji ya Tredegar, Ebbw Vale, Abertillery na Brynmawr, nyumba zikiwa zimeungana ukuta kwa ukuta kufuata mkondo wa bonde. Iliyoanza ni tanuri za chuma, kisha makaa ya mawe yakatawala kila kitu.

Chama cha wachimbaji wa kusini mwa Wales, South Wales Miners' Federation, kiliundwa mwaka 1898. Kazi yake ilionekana kila siku juu ya shimo. Mchimbaji aliyekata makaa chini alilipwa kwa uzito wa makaa aliyoyatoa, na pale mizani ilipokuwa, pembeni ya karani wa kampuni, alisimama mtu wa pili: mpimaji aliyechaguliwa na kulipwa na wachimbaji wenyewe, kazi yake kuhakikisha mwajiri hapunji kilo. Kumchagua mpimaji huyo lilikuwa zoezi la kura ambalo matokeo yake yalionekana kwenye mshahara wa wiki. Watu waliozoea kura ya namna hiyo hawakuona ajabu kumchagua na mbunge kwa mtindo ule ule.

Ndivyo ilivyokuwa. Katibu mkuu wa kwanza wa chama hicho, Thomas Richards, aliingia bungeni mwaka 1904 kupitia uchaguzi mdogo wa West Monmouthshire, na jimbo la Ebbw Vale lilipoundwa mwaka 1918 akawa mbunge wake wa kwanza. Alipojiuzulu mwaka 1920, Evan Davies, naye mtu wa wachimbaji, alipita bila kupingwa. Conservative na Liberal hawakuona sababu ya kupoteza pesa.

Sasa tazama kilichotokea mwaka 1929. Davies alikuwa mbunge aliyeketi, wa chama chao, asiye na kashfa kubwa. Alichokosa ni nguvu: baada ya mgomo mkuu wa 1926 na miezi ya njaa iliyofuata, na baada ya mlipuko wa mgodi wa Marine huko Cwm ulioua watu 52 Machi 1, 1927, mabonde yalitaka mtu wa kugonga meza. Matawi ya wachimbaji yakapiga kura ya uteuzi na kumwondoa mbunge wao, jambo lililokuwa nadra mno wakati ule. Aliyechukua nafasi alikuwa kijana wa miaka 31 kutoka Tredegar, mwenye kigugumizi alichokipigania mwenyewe hadi kikamtii: Aneurin Bevan.

Jambo hili husahaulika watu wanapomzungumzia Bevan kama nembo ya uaminifu kwa Labour. Alipata kiti chake kwa uasi. Tofauti ni kwamba uasi huo ulikuwa na utaratibu wake, kura zake na ukumbi wake, ukamalizwa ndani ya nyumba.

Miaka ya asilimia themanini

Bevan aliingia mgodini akiwa na miaka 13. Baba yake alikufa mwaka 1925 kwa ugonjwa wa mapafu wa wachimbaji, bila fidia yoyote. Mjini Tredegar kulikuwa na chama cha matibabu ambacho wafanyakazi walikichangia kwa makato madogo ya mshahara, nao na familia zao wakapata madaktari, dawa na hospitali. Bevan alikaa kwenye kamati ya hospitali hiyo. Alipokuwa waziri wa afya na kuanzisha huduma ya afya ya taifa, NHS, Julai 5, 1948, alisema wazi kwamba alikuwa anawapa Waingereza wote kile Tredegar ilichokuwa nacho tayari. Wengi huichukulia kauli hiyo kama ya kujivunia kwao. Mimi naichukua kama maelezo ya kiufundi: mfumo ulishajaribiwa, hesabu zilijulikana, na waziri alijua kikao cha kamati ya hospitali kinavyoendeshwa.

Kisiasa, kiti hakikutikisika. Mwaka 1931 Labour ilisambaratika nchi nzima na kubaki na viti 52 tu. Bevan alipita bila kupingwa. Mwaka 1939 chama kilimfukuza uanachama kwa miezi kadhaa, na mwaka 1944 viongozi wakuu wa vyama vya wafanyakazi walitaka afukuzwe tena baada ya kupinga kanuni ya vita iliyowabana wanaogoma. Mwaka 1951 alijiuzulu uwaziri kwa sababu serikali yake mwenyewe iliweka malipo kwa meno ya bandia na miwani. Kila mara alirudi nyumbani salama. Mwaka 1945 alipata takriban asilimia 80 ya kura zote, na mwaka 1959, uchaguzi wake wa mwisho, asilimia 81.

Juu ya kilima kati ya Tredegar na Ebbw Vale yamesimikwa mawe manne makubwa ya chokaa, jiwe moja refu na matatu mafupi. Refu ni Bevan. Mafupi ni miji mitatu ya jimbo lake la zamani, Ebbw Vale, Rhymney na Tredegar. Hapo ndipo alipokuwa akifanyia mikutano ya hadhara. Mchongaji angeweza kuweka jiwe moja tu, sanamu za wakubwa ndivyo zilivyo. Kuweka manne ni kuelewa siasa za mahali.

Bevan alifariki Julai 6, 1960. Siku nane kabla, Juni 28, mlipuko katika mgodi wa Six Bells, Abertillery, ulikuwa umeua watu 45.

Mgeni aliyekubalika

Hapa ndipo nadharia ya "wenyeji hawapendi wageni" inapokwama. Aliyemrithi Bevan katika uchaguzi mdogo wa Novemba 17, 1960 alikuwa Michael Foot: Mwingereza wa Plymouth, mwandishi wa habari, mtoto wa mbunge wa Liberal, msomi wa Oxford, ambaye maishani hakuwahi kushika sururu. Alikuwa ameshindwa mara mbili mfululizo kwao Plymouth Devonport, mwaka 1955 na 1959. Alipinga silaha za nyuklia kinyume na uongozi wa chama, na kinyume na Bevan mwenyewe katika miaka yake ya mwisho. Kwa vigezo vya kawaida, huyo ni mgombea wa kuletwa.

Ila hakuletwa. Uongozi wa London, chini ya Hugh Gaitskell, ungefurahi zaidi kumwona mtu mwingine yeyote. Waliomtaka ni wajumbe wa jimbo, na walimchagua wakijua wanawaudhi wakubwa. Alishinda kwa asilimia karibu 69, zaidi ya kura 16,000 mbele ya anayemfuatia, akanunua nyumba Tredegar, akakaa kwenye kiti hicho miaka 32. Mwaka 1983 akiwa kiongozi wa chama aliiongoza Labour kwenye kipigo cha kihistoria, asilimia 27.6 tu ya kura nchi nzima, lakini kwake mabondeni akapewa asilimia 70.

Mwaka huo huo mipaka ilichorwa upya. Ebbw Vale na Abertillery zikaunganishwa kuwa Blaenau Gwent, na Rhymney ikahamishiwa Merthyr Tydfil. Jimbo jipya likarithi kila kitu isipokuwa kile kilicholijenga: mgomo wa 1984 na 1985 ulishindwa, Six Bells ikafungwa 1988, Marine 1989. Baada ya hapo hakukuwa na mgodi mkubwa wa chini ya ardhi uliobaki katika mabonde hayo. Kiwanda cha chuma cha Ebbw Vale, kilichokuwa nguzo ya pili, kilifungwa kabisa mwaka 2002.

Asilimia inayoficha

Foot alistaafu mwaka 1992, akaingia Llew Smith. Ukiangalia asilimia za Labour katika chaguzi tatu za Smith utadhani hakuna kilichobadilika: 79 mwaka 1992, 79.5 mwaka 1997, 72 mwaka 2001. Angalia idadi ya kura zenyewe: 34,333, kisha 31,493, kisha 22,855.

Kura zaidi ya 11,000 zilipotea ndani ya miaka tisa, na hakuna mpinzani aliyezipata. Waliobaki nyumbani hawakuhesabiwa na mtu. Makao makuu yalisoma safu ya asilimia na kuandika "jimbo la uhakika", na jimbo la uhakika ndilo hutumika kufanyia majaribio. Kila tawi la mgodi lililokufa lilikufa na ukumbi wake, katibu wake na kura yake ya uteuzi. Chama kilibaki na kiti ambacho miguu yake ilikuwa imeondolewa mmoja mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyekikalia kwa nguvu, kilionekana kimesimama.

Tahadhari nayo ilikuwepo, tena bonde la jirani. Mwaka 1970 chama cha Labour cha Merthyr Tydfil kilikata jina la mbunge wake mkongwe, S.O. Davies, mchimbaji wa zamani aliyekuwa na zaidi ya miaka 80, kwa hoja kwamba amezeeka. Akasimama mwenyewe, akampiga mgombea rasmi wa chama kwa kura 7,467. Miaka miwili baadaye alifariki, Labour ikarudisha kiti kwenye uchaguzi mdogo, na watu wakaliweka tukio hilo kwenye kabati la vituko.

Mwaka 2005

Llew Smith alipotangaza kutogombea tena, Labour iliamua mrithi atoke kwenye orodha ya wanawake pekee. Tuwe waadilifu hapa: hoja ya orodha hiyo ilikuwa na uzito. Kati ya 1918 na uchaguzi wa 1997, Wales nzima ilikuwa imewahi kupeleka wanawake wanne tu bungeni. Mwaka 1996 mahakama ya masuala ya ajira iliziharamisha orodha hizo, na sheria ya 2002 ikazihalalisha upya. Chama kilichotaka kurekebisha hali hiyo kingeanzia wapi, kama si kwenye viti ambavyo mbunge anastaafu na ushindi ni wa uhakika? Tanzania ilichagua njia ya viti maalumu, vinavyoongezwa pembeni ya majimbo. Labour ilichagua kugusa majimbo yenyewe, na ukigusa jimbo unagusa mtu aliyekuwa akilisubiri.

Mtu huyo alikuwa Peter Law. Tangu 1999 aliliwakilisha eneo hilo hilo katika Baraza la Wales mjini Cardiff, aliwahi kuwa waziri, akaachwa ilipoundwa serikali ya mseto na Liberal Democrats mwaka 2000. Sioni sababu ya kumfanya mtakatifu. Kiti cha Westminster, yaani Bunge la Uingereza jijini London, alikitaka, na kinyongo alikuwa nacho. Lakini alijua majina ya watu, na alikuwa amebaki mabondeni wakati taasisi zote nyingine zinaondoka.

Aliyeteuliwa ni Maggie Jones, afisa wa chama cha wafanyakazi wa umma, Unison, na mjumbe wa halmashauri kuu ya Labour. Kwenye kampeni aliitwa mtu wa London. Cha kuchekesha, Jones alikulia Cardiff, mwendo wa chini ya saa mbili kutoka Tredegar, ilhali Foot wa Plymouth alipokewa kama mtoto wa nyumbani. Wanachama wa jimbo walipiga kura kumchagua Jones pia. Lakini walichagua kutoka kwenye orodha waliyoipinga, na mbunge wao anayestaafu alikuwa ameipinga hadharani. Kura ilikuwepo na uamuzi haukuwepo.

Law alijitoa Labour, akajitangaza mgombea. Madaktari wakagundua uvimbe, akasitisha kampeni, akafanyiwa upasuaji, akarudi. Mwanamume mgonjwa akigombea dhidi ya mashine ya chama tawala: hakuna mshauri wa siasa ambaye angeweza kuizima picha hiyo. Hata hivyo huruma peke yake haielezi hesabu. Law alipata kura 20,505, Jones 11,384. Jumlisha: 31,889, ilhali Labour nzima ya 2001 ilipata 22,855. Waliojitokeza walipanda kutoka asilimia 59.5 hadi 66.1. Yaani Law hakuchota tu kura za Labour; aliwatoa nyumbani watu walioacha kupiga kura, kwa kuwa mara ya kwanza tangu wengi wao wazaliwe kura yao ingeamua kitu. Uteuzi uliohamishwa kutoka kwenye kumbi za wachimbaji ulirudi kwenye sanduku la kura, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kuufanyia.

Na je, uanawake wa Jones? Kwa baadhi ya wapiga kura ulichangia, sina shaka. Siasa za migodini zilikuwa za wanaume kupita kiasi. Lakini jimbo hilo hilo, mwaka mmoja baadaye, lilimchagua mwanamke.

Law alifariki Aprili 25, 2006, akiacha viti viwili wazi. Chaguzi ndogo mbili zikafanyika siku moja, Juni 29. Mjane wake, Trish Law, alichukua kiti cha Cardiff. Cha Westminster kilikwenda kwa Dai Davies, aliyekuwa meneja wa kampeni wa Law na kiongozi wa wafanyakazi wa kiwanda cha chuma: kura 12,543 dhidi ya 10,059 za mgombea wa Labour, Owen Smith, yule ambaye miaka kumi baadaye angejaribu kumng'oa Jeremy Corbyn kwenye uongozi wa chama. Safari hii Labour ilikuwa imeachana na orodha na viongozi wake wameomba radhi. Radhi haikutosha.

Hapa msomaji wetu atakuwa ameshauliza: Law angefanyaje nchini Tanzania? Asingefanya. Sheria inamtaka mgombea adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga kwa miaka mingi, na Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilimpa haki. Mlango umebaki umefungwa. Hasira kama ya Blaenau Gwent kwetu huishia kwa mtu kuhamia chama kingine au kunyamaza.

Baada ya uasi

Kundi la Law lilijisajili kama chama, Sauti ya Watu wa Blaenau Gwent, na hapo likaanza kufifia. Lilikuwa na dai moja, nalo lilishasikika. Mwaka 2010 Labour ilimsimamisha Nick Smith, mtu wa Tredegar, akamshinda Davies kwa kura 10,516. Trish Law alipong'atuka mwaka 2011 Labour ikachukua na kiti cha Cardiff. Gazeti lolote lingeandika kwamba ngome imerejea.

Ngome ipi? Kura za Smith mwaka 2010 zilikuwa 16,974, chini ya nusu ya zile za 1992. Mei 2016 Plaid Cymru ilikaribia kuchukua kiti cha Cardiff, ikakosa kwa kura 650. Mwezi uliofuata Blaenau Gwent ilipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya kwa asilimia 62, kiwango cha juu kuliko wilaya yoyote ya Wales, pamoja na fedha nyingi za Ulaya zilizokuwa zimemwagwa mabondeni. Mwaka 2017 wagombea binafsi waliteka halmashauri, na 2022 Labour ikairudisha. Mwaka 2019 chama cha Brexit kilishika nafasi ya pili kwa asilimia 20. Huyu ni mpiga kura anayekopesha kura yake kwa muda mfupi na kuidai.

Mipaka ilipochorwa tena kwa uchaguzi wa 2024, Rhymney ilirudishwa, na ramani ikakaribia ile ya Bevan. Nick Smith alishinda kwa asilimia 53.6. Waliojitokeza hawakufika asilimia 43. Oktoba 23, 2025, bonde la jirani, Caerphilly, kiti cha Bunge la Wales (lile Baraza la Cardiff, kwa jina jipya) ambacho Labour haikuwahi kukipoteza kilikwenda Plaid Cymru, Reform, jina jipya la chama cha Brexit, ikawa ya pili, na Labour ikaambulia asilimia 11.

Kuanzia uchaguzi wa Mei 2026, Bunge la Wales lina wabunge 96 kutoka majimbo makubwa 16, kila jimbo watu sita. Mpiga kura anachagua chama, na chama ndicho hupanga nani awe wa kwanza na nani wa sita. Mpangilio huo mpiga kura hawezi kuubadili. Blaenau Gwent imeunganishwa na Caerphilly na Rhymney. Mgombea binafsi bado anaruhusiwa, na akivuka sehemu moja ya saba ya kura za jimbo zima kiti ni chake. Ila atalazimika kuzitafuta kura hizo hadi kwenye miji ambayo jina lake halijawahi kusikika, na Peter Law nguvu yake yote ilikuwa kwenye mitaa inayomjua.